Mafuta ya Ufuta Tuliyapikia Kisamvu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mjukuu wangu Athumani alirudi kutoka kwenye mikorosho yetu ya Kiegei akichechemea. Panga lilikuwa limemkata muundi. Nilipoona damu ile, nilimwona babu yake.

Maana mume wangu naye, nikiwa bado kijana, alijikata mguuni vilevile. Huku kwetu mtu haendi kumjulia hali mwenye jeraha mikono mitupu. Anakwenda na kichupa cha mafuta ya ufuta, ampake mwenyewe, na ukimkatalia umekataa undugu. Kila aliyekuja alipaka. Mguu ukavimba, ukanuka, nikabaki mjane na mtoto mgongoni. Sitasema mafuta ndiyo yaliyomuua, kwa sababu sijui. Najua hakuna aliyekiosha kile kidonda, wala aliyetupeleka hospitali mapema.

Basi Athumani nikampeleka Nachingwea siku hiyohiyo. Daktari, binti mdogo tu, aliosha jeraha kwa muda mrefu, akamchoma sindano ya pepopunda, akabana ngozi na kupaka kitu cha majimaji juu yake.

"Uzi uko wapi?" nikauliza.

"Hakuna uzi, bibi. Kidonda si kirefu kwenda ndani. Hii ni gundi ya kidaktari."

"Gundi? Mjukuu wangu si kiatu!"

Akacheka. "Ikikauka inakuwa kama mlango, vijidudu vya nje haviingii. Tena yenyewe inaua baadhi ya vijidudu. Baadhi, bibi, si vyote, ndiyo maana nimeosha kwanza. Msipake mafuta ya aina yoyote, yataibandua."

Hapo nikajiuliza: Nitawazuiaje wageni?

Kesho yake akaja mtani wangu Tekla, kichupa mkononi, mafuta yameshapashwa moto.

"Leo hayapakwi," nikasema, nimesimama mlangoni.

"Ala! Unamwonea wivu huyu mjukuu mumeo, asiguswe na wanawake wengine?"

"Mume wangu kaunganishwa kwa gundi. Ukimpaka mafuta atabanduka, utanilipa mwanamume mwingine?"

Akakunja uso. Nikaona undugu unavunjika. Nikanyoosha mikono miwili, nikapokea kichupa, nikayamimina mafuta yote kwenye chungu cha kisamvu mbele ya macho yake. Tekla aliduwaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tukala pamoja, na mgonjwa akala kuliko sote. Waliofuata nao walijikuta wakipika.

Ile gundi ilibanduka yenyewe, vipande vipande, kovu likabaki jembamba kama uzi. Siku Athumani alipobeba gunia la korosho kwenda ghalani, nilimfuata nyuma nikipiga vigelegele barabara nzima, mzee mimi, bila aibu. Kisha nikapita makaburini, nikamwambia babu yake: safari hii mguu umepona.

Mwanangu, jeraha lioshwe kwa maji safi, na uende hospitali mapema. Gundi ya dukani usijipake, ile ni ya viatu kweli. Ya daktari usiibandue, usiipake kitu. Ukiona uvimbe, joto au usaha, rudi upesi. Na anayekuja na mafuta usimfukuze, mpe mwiko.

Mungu akujalie ngozi nzima, na nyumba isiyokosa watu wa kukujulia hali.