Mwenye Sauti ya "Saa Nane"

Nilicheka. Afadhali niseme mapema, maana wenzangu siku hizi wanajifanya walijua tangu mwanzo. Siku Wakesho Mwakio aliposimama mbele ya chama chetu hapa Voi na kusema sauti ya ule wimbo ni yake, mimi Musyimi, muuza mabati na misumari, nilicheka hadi chai ikanipalia.

Chama chetu kinaitwa Masikio ya Zamani. Tunakutana kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, katika ukumbi mdogo nyuma ya hoteli moja karibu na stesheni. Tuko ishirini na kitu, wengi wakiwa wazee wa reli na walimu wastaafu. Kazi yetu ni kusikiliza nyimbo za ujana wetu: soul za Wamarekani, rock za Waingereza, na zile za bendi zetu wenyewe zilizowaiga hao mpaka mtindo wa nywele. Lakini hatusikilizi tu. Kila wimbo una kesi. Anayeuleta lazima aseme nani aliimba, nani alipiga gitaa na ulirekodiwa wapi. Mwenye shaka anapiga meza na kusema, "Pingamizi!" Tunabishana mpaka mishipa ya shingo itutoke, kisha mwenyekiti anaandika uamuzi katika daftari kubwa jeusi. Neno likishaingia humo, hakuna wa kulitoa.

Mwenyekiti ni Mzee Wamalwa, karani mstaafu wa reli, mtu wa Bungoma aliyeletwa Voi kwa uhamisho wa miaka miwili akakaa hamsini. Wimbo anaoupenda kuliko nyimbo zote duniani ni "Saa Nane", wa bendi ya wafanyakazi wa mkonge wa Mwatate. Santuri yenyewe aliinunua mwaka wa 1979, akairekodi kwenye kaseti, halafu akamwazima mtu ambaye hakuirudisha mpaka leo. Tulichobaki nacho ni kaseti hiyo tu. Sauti ni nzito, ya polepole, ya mwanamume aliyeachwa akaachika. Mwishoni kinasikika kitu kikinguruma kwa mbali, na wazee wa reli waliapa ni treni. Katika daftari Mzee Wamalwa aliandika: "Mwimbaji: mwanamume, Mtaita, jina halijulikani. Amefariki." Nani alimwambia amefariki? Hakuna. Alisema tu kwamba mtu mwenye uchungu kama ule hawezi kuwa alifika uzeeni, na sisi tukaitikia kwa vichwa.

Sasa huyo marehemu wetu alizaliwa Mbololo, mtoto wa tatu wa mkulima wa mahindi na mbaazi. Akiwa na miaka kumi na minane Wakesho alienda Mwatate kufanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, katika chumba cha kusafishia nyuzi, penye vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Mpiga gitaa mmoja aitwaye Wabwire alimsikia akiimba juu ya kelele za mashine. Akamwambia kwamba mwanamke anayezishinda mashine zile hahitaji hata maikrofoni. Mwaka wa 1976 fundi mmoja alitoka Mombasa na mitambo yake garini, akawarekodi katika ukumbi wa wafanyakazi. Santuri ilipotoka, iliandikwa jina la bendi tu.

Miezi michache baadaye babake alisikia binti yake anaimba mbele ya wanaume walevi. Akaja, akamrudisha nyumbani, na hapo ndipo uimbaji ulipoishia. Kilichofuata ni maisha: ndoa, watoto wanne, cherehani, na sare za shule za nusu ya Mbololo. Nakala yake ya santuri aliiweka karibu na jiko, ikapinda kama chapati. Akabaki na neno lake tu, na neno lake halikuaminika. Mumewe Lewis, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu bibi yangu ati alikuwa staa," kisha anakonyeza jicho. Watoto nao walicheka kwa upole, jambo ambalo linaudhi zaidi. Mwishowe akanyamaza. Aliuimba chinichini kwenye cherehani, basi.

Mwaka jana kituo kimoja cha redio kilitualika tuzungumzie nyimbo za zamani. Tulipiga "Saa Nane", na Mzee Wamalwa akamlilia yule mwanamume hewani kwa dakika tano nzima. Wakesho alikuwa anakata kola za shati. Alisikia maneno yake, yote, yakitoka katika koo la mwanamume. Kwanza alidhani ameibiwa wimbo. Halafu ukaja ule mngurumo wa mwishoni. Akaweka makasi chini. Alikumbuka jinsi yule fundi wa Mombasa alivyowachekesha siku ile kwa kuwarudishia mkanda polepole, Wabwire akamwambia, "Wakesho, umekuwa mjomba wako!"

Jumapili iliyofuata alikuja ukumbini kwetu akiwa amevaa gauni la samawati na viatu vya kanisani. Mwanawe Thadeus, ambaye ni mwalimu, alikuja naye, ila alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, macho chini. Njia nzima alikuwa amemsihi mama yake asiende kujiaibisha.

Kama kawaida, Koki, binti anayetupigia kaseti zetu alizozihamishia kwenye kompyuta yake, alianza na "Saa Nane". Wimbo ulipokwisha, Wakesho alipiga meza.

"Pingamizi."

"Karibu, mama," akasema Mzee Wamalwa kwa adabu. "Pingamizi gani?"

"Huyo mnayemwita marehemu ni mimi."

Hapo ndipo chai iliponipalia. Ukumbi wote ulivunjika mbavu. Thadeus aliinuka. "Mama, twende tu. Tafadhali."

"Kaa chini, Thadeus," akasema bila kugeuka. Kisha akamtazama mwenyekiti. "Mzee wangu, hiyo sauti ya mwishoni mnasema ni nini?"

"Treni, mama. Ile ya saa nane."

"Hiyo si treni. Ni king'ora cha kiwanda. Zamu yetu ilikuwa inaisha saa nane, na Wabwire alisahau kuangalia saa, kikatulilia katikati ya kazi. Mmekisikia kikiwa kimelala. Sasa niambie, hii kaseti uliirekodi kwa gramafoni yako?"

"Sikuwa na gramafoni. Nilipeleka santuri kwa jirani yangu, karani mwenzangu."

"Huyo jirani alikuwa na santuri ndogo kama yako?"

 Mzee Wamalwa alisugua kidevu. "Hapana," akasema taratibu. "Zake zote zilikuwa kubwa."

Niliacha kucheka. Hakuna mtu katika ukumbi ule asiyejua kwamba santuri kubwa huzunguka polepole na ndogo huenda mbio, na kwamba gramafoni ina kitufe cha kubadilisha. Tunajua nani alipiga tarumbeta kwenye nyimbo za watu wasiojua hata Kenya iko wapi. Na wimbo wa nyumbani, wa hapo Mwatate tu, tulikuwa tumeusikiliza miaka yote kwa mwendo wa konokono kwa sababu ya kitufe ambacho jirani hakuwahi kukigusa!

"Ngojeni," akasema Koki. "Wacha niongeze spidi."

Ngoma ziliruka. Gitaa lililokuwa likiburuta miguu lilianza kucheka. Kisha ikaja sauti ya msichana, kali, tamu, yenye kiburi cha miaka kumi na tisa. Hakuwa ameachwa na mtu yeyote. Kwa maneno yale yale tuliyoyasikia kama kilio, alikuwa anamwambia kijana amngojee getini saa nane, na asipokuja shauri yake. Mwishoni king'ora kikapaa juu, na mama mmoja wa Mwatate akapiga kelele, "Woi! Hicho ni chenyewe! Kilikuwa kinatuamsha!"

"Rudisha," akasema Wakesho.

Koki akarudisha, na mara hii Wakesho aliimba juu yake. Sauti yake imeshuka, sikatai, ina chembechembe za uzee. Lakini pale kwenye ubeti wa pili ambapo yule msichana anacheka kidogo kabla ya kumaliza mstari, bibi huyu naye alicheka, cheko lile lile, mahali pale pale. Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Tulicheza wote, wazee wa reli na magoti yao mabovu, na mimi nilicheza huku nikilia na sioni haya kusema.

Mzee Wamalwa peke yake hakucheza. Tulipotulia alivua kofia. "Mama, mimi na marehemu Kavetsa tulicheza wimbo huu siku ya arusi yetu. Polepole. Miaka zaidi ya arobaini nimekuwa nikimlilia mwanamume ambaye hakuwako."

"Pole, mzee wangu. Huyo mwanamume naye nitakuimbia, polepole hivyo hivyo," akasema Wakesho. "Lakini daftari kwanza."

Mwenyekiti alilifungua, akakata mstari ule wa zamani, akampa kalamu. Wakesho aliinama akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa: "Mwimbaji: Wakesho Mwakio, Mbololo. Yuko hai."

Thadeus alikuwa amekuja mbele. Alisoma maandishi yale, akayasoma tena, na machozi yakamtoka mtu mzima yule mbele ya wanafunzi wake wawili wa zamani.

"Mama," akasema, "mbona hukutuambia?"

Wakesho alifunika kalamu, akamrudishia mwenyekiti.

"Niliwaambia," akasema. "Mlikuwa mnacheka."