Mafuta Kwenye Breki ya Baba

"Ndiyo Baba, breki imenyamaza, lakini haishiki," nilimwambia. Alikuwa amepaka diski ya breki mafuta ya kupikia, vile alivyozoea kupaka cheni ya baiskeli yake ya zamani. Hii ya sasa ilikuwa inapiga kelele kila akiteremka na mtungi wa maziwa, hadi majirani wakaanza kumcheka ati anapigia ng'ombe wao honi.

"Kitu ikilia, unaipaka mafuta," akasema. "Ama huko shule mlifundishwa nini?"

Nilikosa subira, nikatoa gurudumu hapo hapo. Breki pedi, zile zinazobana diski, zilikuwa zimeisha kabisa, chuma inakwaruza chuma, na sasa mafuta yamefanya diski iteleze. Nikamwonyesha. Akaniambia polepole kwamba jana, kwa mteremko wa mto, alisimamisha baiskeli kwa kuburuza viatu chini. Hakutaka Mama ajue.

Hasira yote ikaniisha. Niliamua kesho yake asubuhi nitabeba maziwa mimi mwenyewe kwa miguu hadi sokoni Kanyakine, ninunue pedi mpya na spiriti ya kusafisha diski, na baiskeli ibaki nyumbani mpaka nirudi.