Ndege Niliyoifuata Ng'ambo ya Bonde

Mwaka niliokatwa mguu, kila aliyeingia nyumbani kwetu aliniambia neno moja: pumzika. Wageni walilisema mlangoni, wanakwaya walilisema baada ya sala, kaka yangu alilisema asubuhi na jioni. Nilipumzishwa mpaka nikachoka.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi simu Lushoto mjini, na kibanda changu kilikuwa jirani na soko. Siku moja ya mvua pikipiki niliyopanda kwenda Soni iliteleza kwenye kona, nikaanguka upande wa barabara, na lori lililokuwa nyuma halikuwahi kusimama. Mguu wa kulia uliishia chini ya goti. Nilipotoka hospitali nilikuta kaka ameshakifunga kibanda na kutia vifaa vyangu kwenye gunia. Akanipeleka kwa mama, kwenye nyumba yetu iliyo juu mgongoni mwa mlima, upande wa kwenda Rangwi. Yeye na mke wake wanaishi nyumba ya pili, ua ni mmoja.

Sisemi kaka yangu ni mtu mbaya. Siku niliyorudi alinibeba kutoka barabarani mpaka mlangoni, na njia ile inapanda kama ngazi. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo alidhani bado amenibeba.

Mle guniani mlikuwa na kompyuta mpakato mbovu ambazo wenyewe hawakuzirudia tena. Kwa kukosa kazi nikaanza kuzipasua. Betri ya kompyuta ikifa, watu hudhani imekufa yote. Ukiifungua unakuta seli za mviringo, kama betri za tochi zilizonenepa kidogo, na mara nyingi zilizoharibika ni moja au mbili, nyingine zina uhai wake. Nilizipima kwa mita moja baada ya nyingine, nzima nikaziweka kwenye kopo la maziwa, bila kujua nitazifanyia nini.

Wiki hiyo hiyo kaka alinunua televisheni. Boksi lilikuwa na lile povu jeupe gumu linalozuia kioo kisigongwe, na wifi alitaka kuwashia moto. Nikamwomba. Nilikuwa nimeona kwenye simu video ya mzee mmoja wa nchi za mbali akirusha ndege ya povu kwa rimoti, akicheka peke yake katikati ya uwanja. Nikaitazama mara nyingi. Mota, betri, waya, kipokezi cha mawimbi: vyote hivyo nilivijua. Nisichokijua kilikuwa kuruka tu.

Niliuza kabati la vioo la kibandani, nikaagiza kwa mtu wa Kariakoo mota ndogo, pangaboi lake, rimoti yenye vijiti viwili, na vimota vya kuvuta usukani wa mkia. Mzigo ulikuja na basi. Kaka alipouona ulivyo mdogo, alikaa kwenye kigoda akaishika ile mota kwa vidole viwili.

"Kabati zima ndilo hili?" aliuliza.

"Ndilo hilo."

"Mdogo wangu, nilidhani utanunua kuku. Kuku ni kazi ya mtu aliyekaa."

"Mimi sijakaa, kaka. Nimekalishwa."

Aliirudisha ile mota mezani polepole, kama kitu kinachoweza kumchafua.

Ndege ya kwanza niliijenga sebuleni kwa mama. Mabawa niliyakata kwa wembe, nikayalainisha kwa msasa mpaka sakafu ikawa nyeupe kama imemwagiwa unga. Ndani ya bawa nilipitisha ufito wa mwanzi uliokauka vizuri, kwa sababu povu peke yake hujikunja upepo ukilibana. Seli sita nilizifunga pamoja, nikazichomelea kwa risasi ya kuungia waya, nikazitia puani kwenye ndege. Kisha nikaiinua kwa ncha za vidole chini ya mabawa kuona inalalia wapi. Ikiinama nyuma haitaruka, itayumba na kuanguka. Nilisogeza betri mbele, nikaisogeza tena, hadi ndege ikatulia kwenye vidole vyangu kama ndege wa kweli aliyetua.

Shida ilikuwa moja. Ndege ya aina ile hurushwa kwa mkono, na mimi mikono yangu ina kazi: nikisimama ni magongo, nikikaa ni rimoti. Mama alinitazama nikihangaika uani, akaweka chini ungo wa maharage.

"Inarushwaje?" aliuliza.

"Mbele, mama. Sawa sawa, usiielekeze juu."

"Kama unavyompiga ngedere kwa jiwe kwenye mahindi?"

"Polepole kidogo kuliko ngedere."

Alikaza khanga kiunoni, akaishika ndege tumboni, nikawasha mota, akairusha. Ilikwenda kama imetumwa. Ikapita juu ya paa la kaka, ikageuka kushoto bila ruhusa yangu, ikajikita kwenye mti wa mgrivea. Wifi aliitoa kwa mti wa kusimikia maharage. Mama alicheka akasema kitu kwa Kishambaa ambacho kwa Kiswahili kinapungua utamu, ila maana yake ni kwamba hata ndama hujikwaa siku ya kwanza.

Niliiunganisha, tukarusha tena. Ikaanguka, nikaiunganisha. Kufika msimu wa matunda ya mafyulisi nilikuwa na ndege ya tatu, na hiyo ilinisikia. Nikagundua kitu ambacho mtu wa tambarare hawezi kukijua haraka: jua likishapasha bonde, upepo hupanda ule mteremko na kupita juu ya ua wetu. Nikiipeleka ndege ukingoni na kuzima mota kabisa, ilibaki juu. Haikuhitaji betri. Ilisimama hewani mbele yangu, inatikisika kidogo, imebebwa na mlima. Nilikaa kwenye kiti cha mbao chini ya jua, mkono mmoja kwenye kijiti, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali sikuwa nikifikiria mguu.

Mtendaji wa kijiji alikuja kuuliza kama ina kamera. Nikaifungua mbele yake akaona povu na waya. Akanitaka nisipite juu ya shule wala zahanati, nikakubali, akaondoka. Huyo alikuwa rahisi. Wagumu walikuwa wa nyumbani.

Jumapili moja kaka alirudi kutoka kanisani na wageni, watu wazima wa usharika. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia. Baada ya chai kaka alisema, nami nimekaa pale pale, "Tulikuwa tunaomba mtuombee huyu mdogo wetu. Mwili umepona, akili bado inachezacheza. Mtu mzima na vitu vya watoto."

Mmoja alinigeukia kwa huruma. "Binti, tukuombee nini?"

"Niombeeni upepo," nikasema. "Mota inamaliza betri mapema. Upepo ukipanda vizuri narusha mpaka mchana."

Mama alikohoa ndani ya khanga. Wale wageni walisali sala fupi, na katika sala yao hawakutaja upepo wala akili yangu. Walipoondoka kaka alisimama mlangoni.

"Umeniaibisha."

"Umeanza wewe, kaka. Ningekuwa naumwa ningekuambia naumwa."

"Ikianguka mahali, usitume mtu wangu kuifuata. Nikiiokota mimi, nitaifungia stoo."

Ilianguka mwezi wa saba, wakati wa baridi ile inayofanya watu wa Lushoto walale na sweta. Kwa kawaida asubuhi za hivyo nilizipasha seli moto kwenye kwapa kabla ya kuzifunga, maana baridi huzilegeza. Siku hiyo jua lilikuwa zuri, nikapuuza. Ndege ilikuwa mbali katikati ya bonde ukungu ulipoanza kushuka kutoka msituni. Nikaigeuza, nikasukuma kijiti cha mota. Mota ikalia kidogo, ikanyamaza. Usukani ulikuwa bado unanisikia, lakini nguvu ya kurudi haikuwepo, na ilikuwa chini mno kwa upepo kuiokota. Nilikuwa na muda wa kuchagua pa kutua tu. Kushoto miti ya miwati, kulia mawe, katikati shamba la kabichi kwenye mteremko wa ng'ambo. Nikaielekeza kabichini. Nikaiona inazama kwenye kijani, ukungu ukafunika.

Kaka alikuwa ameona yote akiwa anageuza mbolea.

"Basi imekwisha," alisema. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alifarijika.

Nikachukua magongo.

"Unakwenda wapi?"

"Kuifuata."

"Huko? Hata mbuzi wanapita kwa kufikiri."

"Nami nitafikiri."

Alimtazama mama amzuie. Mama alikuwa tayari ameingia ndani, akatoka na khanga na kipande cha muhogo uliochemshwa, akanifungia kiunoni. Alitaka kunifuata, nikamkatalia. Magoti yake yalikuwa mabaya kuliko mguu wangu mmoja.

Kushuka nilishuka kwa makalio. Nilitupa magongo mbele, nikateleza mpaka yalipo, nikayatupa tena. Sketi ilichanika. Mahali penye matuta ya makinga maji nilikaa kwenye kila ukingo nikajishusha kwa mikono. Wanawake wawili waliokuwa wanapalilia karoti walisimama na majembe yao wakanitazama, mmoja akanisalimu kwa Kishambaa, "Onga mshi," nikamwitikia kama mtu anayekwenda sokoni. Hawakuja kunishika, na mpaka leo nawashukuru kwa hilo. Bondeni kuna mto mdogo wenye gogo moja la kuvukia. Nililikalia kama mtu aliyepanda punda, nikajivuta, magongo nimeyalaza mapajani, maji meusi yanapita chini. Hapo niliogopa. Nilikaa katikati ya gogo nikala ule muhogo wote, kwa sababu sikuweza kufanya kingine.

Kupanda kulikuwa rahisi zaidi, ajabu. Mlima ukikukabili unaweza kuushika.

Mwenye shamba alikuwa mama mmoja wa makamo. Alikuwa ameiweka ndege juu ya rundo la kabichi zilizovunwa, pua imebonyea, bawa moja lina ufa. Shikamoo yangu ilitoka bila pumzi.

"Marahaba. Nani amekuleta?"

"Nimekuja."

Alichungulia nyuma yangu, kwenye mteremko, akitafuta mtu mwingine. Hakumwona. Akavuta ndoo akaipindua nikalie.

"Nilidhani ni ya wazungu," alisema. "Nikasema wenyewe watakuja na gari."

"Ni yangu. Nimeitengeneza. Imekuharibia?"

"Kabichi moja imekatwa kichwa. Tutaila leo." Akaninywesha maji, akauliza, "Sasa inakuwaje kwamba inaruka?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunihurumia, akaigusa mota, akazungusha pangaboi kwa kidole. Akajitolea kunipelekea ile ndege hadi kwetu.

"Nifungie mgongoni, mama," nikamwambia.

Akaifunga kwa khanga ya mama yangu, kama anavyofungwa mtoto, bawa moja limetokeza begani. Hakucheka. Alirudi nyuma akaangalia kama imekaa sawa, akakaza fundo.

Kaka nilimkuta gogoni. Alikuwa amesimama upande wa kwetu, suruali imelowa mpaka magotini, kwa hiyo alishavuka kunifuata, akarudi kusubiri.

"Nipe hiyo," alisema.

"Hapana."

"Basi nikubebe wewe."

"Hapana, kaka."

"Watu wote wa huku wamekuona unajiburuta. Watasema nimekuachia."

"Waseme. Niachie kweli, ili wasiseme uongo."

Yeye ndiye aliyekuja hospitali kutia sahihi ya kukatwa mguu wakati mimi nimezimia, na nadhani tangu siku ile alihesabu kila kitu changu kuwa deni lake. Nilimwonea huruma, lakini sikumpa ile ndege. Nikakaa kwenye gogo, nikajivuta. Yeye aliingia majini akatembea sambamba nami, mikono ameinyoosha bila kunigusa, mpaka nikafika ng'ambo. Tukapanda hivyo hivyo, yeye nyuma. Kwenye kingo za makinga maji nilimsikia anavuta pumzi kila nilipojiinua. Sikugeuka.

Usiku huo viganja vilivimba, nikashindwa kushika kijiko. Mama alinilisha uji, akaniambia nimekuwa mjinga, akaniongezea sukari.

Kesho yake nilifungua betri. Seli moja ilikuwa imechoka, na kwenye baridi ilizivuta chini nyingine zote. Nikaibadilisha. Kabla ya mwisho wa mwezi nilimwambia kaka narudi mjini kufungua kibanda. Alipinga siku nzima. Alipoishiwa maneno aliuliza nitapanda pikipiki ya nani, nikamwambia ya yeyote atakayeendesha taratibu. Alikwenda mwenyewe kumtafuta dereva, akamtisha vya kutosha.

Sasa nakaa kibandani siku za soko na siku nyingine nikipenda. Kaka bado haipendi ndege. Wageni wakija huwaambia, "Huyo na vitu vyake," kisha hubadilisha mazungumzo. Neno pumzika hajalisema tena. Mezani kwa mama nina bawa jipya, refu kuliko meza yenyewe, na wifi ameshalalamika kwamba hapati pa kuweka sahani. Nimemwambia asogeze sahani.