Kituo Alichokifuta Beatha

Beatha wa steshenari, jirani yangu, ni mbishi kupita kiasi, na nasema hivyo kwa kumpenda. Watu binafsi waliporuhusiwa kuleta mabasi, Lushoto ilijaa magari hadi wageni wakawa wanapanda la Mlalo huku wanakwenda Soni. Wenye mabasi wakamwomba ramani ya kubandika stendi. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya ajabu: unaiandikia vituo, yenyewe inachora njia kwa mikunjo laini, majina yasigongane.

Akaandika vituo kama makonda wanavyoviita. Kimoja, juu ya Magamba, ni Kwa Fanueli. Hapo hakuna nyumba wala njia ya miguu. Fanueli alikuwa konda. Alianguka kutoka mlangoni kwenye kona ile, akafa. Tangu hapo kila basi husimama, konda hufungua mlango na kuita, "Kwa Fanueli, shuka!" Kisha hufunga. Hashuki mtu.

"Ushirikina mtupu," Beatha akasema, akakifuta.

Mstari ukabaki umevimba palepale. Akaiamuru programu ichore upya. Ukavimba tena, ukizunguka nafasi tupu. Niliingiwa na hofu, nikamsihi aache. Akaunyoosha kwa mkono wake, akachapa.

Wenye mabasi wakawaagiza madereva wasisimame pasipo kwenye ramani, maana wapinzani wanawahi abiria. Hapo nikamwogopea Beatha zaidi, kwa kuwa dereva wa njia ile ni mumewe, Tobia.

Siku ya kwanza tulimngoja barazani. Chai ya Beatha ilipoa bila kuguswa. Jua likizama basi likaja, likaegeshwa mbele ya nyumba kama kawaida. Tukashusha pumzi. Tobia akaketi bila kuvua kofia.

"Pole na kazi, Baba Yunis. Mbona hivyo?" Beatha akamuuliza mumewe.

"Tulipopita kona ile, mtu akaanza kugonga bodi kule nyuma, kama abiria anayetaka kushuka. Kagonga njia nzima."

"Ameshuka wapi?"

"Hajashuka."

Basi lilikuwa tupu, limezimwa. Kisha tukasikia likigongwa kwa ndani.

Beatha akainuka kwenda kufungua mlango, ubishi ule ule.

"Usimfungulie, Mama Yunis!" Tobia akamshika mkono. "Hapa si kituo chake."

Wakapanda wote wawili, wakageuza gari kurudi Magamba. Pale konani Beatha ndiye aliyefungua mlango, na yeye ndiye aliyeita. Aliniambia basi liliinuka kidogo, kama linavyoinuka mtu mzito akishuka.