Nyumba ya Magurudumu Mawili

Alfayo Momanyi alikuwa muosha magari wa Keroka, na uchafu aliuchukulia kama matusi. Lori likishuka kwake kutoka barabara kuu ya Kericho, limepakwa tope mpaka madirishani, alilizunguka kwanza akilinunia, halafu ndipo ashike bomba. Madereva walimpenda kwa hilo. Walisema mzee huyu ukimwachia gari usiku utalikuta asubuhi halina rangi.

Wiki ile kilichomngoja pale kijitoni alipooshea magari hakikuwa lori. Ilikuwa karavani, kile kibanda cha bati chenye kitanda na kidirisha ambacho watu hukikokota nyuma ya gari na kulala humo safarini. Ilikuwa ya mwanawe, Ogeto, na Ogeto alikuwa mochari Kisii, akingoja kuzikwa Ijumaa.

Kijana alikuwa fundi wa mitambo kwenye kampuni ya kutengeneza barabara. Kazi ikihamia Isiolo, naye Isiolo. Ikihamia Marsabit, naye huko. Alichoka kulala kwenye mahema akanunua karavani kuukuu, akaikarabati mwenyewe. Homa ya mapafu ilimkutia humo. Mwili ulitangulia kuja, kisha wenzake wakaifunga karavani nyuma ya lori la kampuni na kuivuta njia nzima hadi Keroka, na bomba la moshi la lori likaitemea masizi bila kupumzika. Ilifika nyeusi upande wa mbele, nyekundu kwa vumbi huko nyuma.

Sasa, Alfayo alikuwa ameiona karavani hiyo mara moja tu. Krismasi ya mwaka juzi Ogeto aliileta nyumbani, karibu na Sironga, akasimama nayo langoni na kuomba aiegeshe kando ya migomba. Alfayo alimjibu mbele ya majirani: "Mwanamume wa Kigusii hajengi kitu cha kukokotwa. Hicho ni kigari. Kigeuze." Ogeto alikigeuza, na hakurudi tena. Hasira hasara, na ya Alfayo ilikuwa na magurudumu mawili.

Ndiyo maana msiba ulipoingia, na kaka yake mkubwa, Angwenyi, alipouliza swali ambalo lazima liulizwe, Alfayo alikosa pa kutazama. Mwanamume mzima huzikwa kando ya nyumba yake. Asipokuwa nayo, watu humjengea upesi upesi, ili mwili upate mlango wa kulala mbele yake. Nyumba ya Ogeto iko wapi?

"Anayo," alisema Nyanchera, mkewe Alfayo. "Iko Keroka. Mlimfukuza nayo."

Angwenyi alikuna kidevu. "Ileteni tuione," alisema. "Ikiwa ni nyumba, tutasema ni nyumba."

Alfayo aliyashika maneno hayo kama mtu aliyetupiwa kamba. Angeiingiza langoni kwa heshima, Ogeto alazwe mbele ya mlango wake mwenyewe, na lile neno la Krismasi liwe limefutwa. Hakutaka kitu kingine duniani.

Akaanza kuosha. Alililowesha kwanza bati lote, kwa maana masizi ukiyapaka sabuni yakiwa makavu huacha michirizi. Akapanda ngazi, akashuka na sabuni kutoka paani. Lami iliyoganda chini aliitoa kwa kitambaa chenye mafuta taa. Vichwa vya misumari alivipitia kimoja kimoja kwa mswaki. Alikuwa akilia huku akisugua, na hakujificha, maana maji yalikuwa yakimrukia usoni hata hivyo.

Nje ilipong'aa alifungua mlango. Ndani, juu ya jiko dogo la mafuta taa, ukuta na dari vilikuwa vyeusi tititi, masizi mazito yanayonata kidoleni. Jiko lenyewe lilikuwa limeoza kitako. Alilitoa akawatupia watu wa vyuma chakavu, akarudi na ndoo.

Jaffer, mwenye mashine ya maji pale kijitoni, alichungulia. "Mzee Alfayo, ndani si uache? Ndani si barabara."

"Simpeleki mwanangu nyumbani na nyumba chafu, Jaffer. Watasema hata hili nililifanya nusu."

Jaffer akamletea maji mengine. Alfayo alisugua dari mpaka mabega yakafa ganzi. Iliporudi kuwa nyeupe alimwaga ile ndoo nyeusi mtaroni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi amemfanyia mwanawe jambo.

Trekta ya jirani iliivuta hadi nyumbani siku iliyofuata. Ilipita langoni, na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakaweka visu chini kuitazama, jinsi ilivyometa. Angwenyi alivua kofia, akaingia, Alfayo nyuma yake.

"Kitanda nakiona," alisema Angwenyi. "Alipika wapi?"

"Hapa."

Angwenyi alipitisha kiganja ukutani, akakitazama. Kilikuwa kikavu na safi. Akapapasa dari, hivyo hivyo.

"Alfayo, kitanda hata lori linacho. Dereva hulala kwenye lori. Akifa tunamzika kando ya lori? Nyumba ni moto. Nionyeshe moshi wa momura, huyu kijana wetu, nami nitoke niwaambie wazee alikuwa na nyumba."

"Ulikuwepo," alisema Alfayo.

"Uko wapi?"

"Nimeuosha."

Angwenyi alikuwa mtu mkali, lakini hapo ukali ulimtoka. Aliketi kwenye kile kitanda. "Mimi nakuamini, ndugu yangu," alisema mwishowe. "Lakini wale walio nje walikusikia ukiiita kigari. Leo wanaiona haina hata harufu ya chakula. Nitawaambia nini?"

Mtu huoshea watu magari maisha yake yote, halafu siku ya kuosha cha kwake anaosha ushahidi. Dunia ina mzaha mbaya.

Ilijengwa basi nyumba nyingine. Vijana walikata miti ya mikaratusi, wakasimamisha kuta, wakaezeka kwa mabati yaliyong'olewa kwenye zizi la ndama, wakakandika udongo kabla giza halijaingia. Karavani ilikuwa imekaa hasa mahali pa kuchimbwa kaburi, kwa hiyo trekta iliitwa tena. Ilitoka langoni kinyumenyume, polepole, na safari hii hakuna aliyeitukana. Alfayo alisimama pale pale aliposimama Krismasi ile, akaitazama ikitoka.

Ijumaa walimlaza Ogeto mbele ya mlango ambao hakuwahi kuufungua, waumini wakaimba, wakamzika kabla ya Sabato.

Watu walipotawanyika, Nyanchera alimkuta mumewe ameketi peke yake kwenye udongo mbichi wa nyumba ile mpya. Tangu Krismasi ya mwaka juzi hawakuwa wamezungumza juu ya kijana bila kugombana. Aliketi kando yake.

"Baba Ogeto, nataka kukuuliza. Huko ndani, kabla hujaosha. Kulikuwa kweusi kweli?"

"Kweusi sana, Mama Ogeto."

"Si masizi ya barabarani yaliyopenya?"

"Hapana. Ya jikoni. Yalikuwa mazito, mpaka darini."

Nyanchera aliinamisha kichwa, akifuta macho kwa leso.

"Basi alikuwa anakula," alisema. "Miaka yote hii nimelala nikiwaza kwamba hali chochote."