Saa Iliyolia Mpakani

Siku hizi kujiita fundi saa ni sawa na kujiita kinyozi wa vipara. Kila mtu anatembea na saa ndani ya simu. Haitaki mafuta, haitaki ufunguo, na mimi ndiyo kabisa haina haja nami. Nina chumba cha kazi cha hatua nne kwa tatu, kati ya duka la fotokopi na mama mshona mapazia. Nina meza, taa yenye shingo ndefu, bakuli la petroli la kuoshea magurudumu, na rafu yenye saa za kengele thelathini na moja. Wenyewe walizileta, nikazitengeneza, wakasema watapita kesho. Baadhi yao nimekwisha kuwazika. Wengine nakutana nao njiani, nao wananisalimia vizuri sana, kama watu wasio na saa yoyote kwangu.

Wateja wa kweli nilikuwa nao wawili kwa mwezi, na mmoja wao alikuwa akija kuuliza choo kiko wapi.

Ndipo mwanangu alipoanza. Yeye ni dereva wa gari la kusambaza maji ya chupa, mtu wa maneno machache kama baba yake asivyo. "Baba, funga kile chumba. Njoo ukae nyumbani upumzike." Nami nakujua kupumzika kwa nyumbani kwake. Nilikwenda wiki moja, mkwe wangu akanilisha mpaka nikawa nasinzia nimesimama. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti karibu na mlango na kuwaambia wageni, "Karibuni." Siku ya nne nilimkaribisha mtu wa kusoma mita ya umeme mara tatu, naye hakuwa ametoka.

Nikakataa. Yeye akakazana. Tukafikishana kwa dada yangu mkubwa, ambaye hata mapolisi wanamwamkia kwa heshima. Binti yake, mpwa wangu, muuzaji wa duka la dawa, alikuwa amekaa pembeni anachezea simu.

"Mjomba, hizo saa zako watu wa nje wanazitafuta," akasema. "Nitakufungulia duka kwenye soko la mtandaoni."

Mwanangu akacheka. Dada hakucheka. Akaamua palepale: "Mpaka mwisho wa mwezi. Ukiuza saa moja tu, ikafika mikononi mwa mwenyewe huko ng'ambo ya mpaka, na duka likabaki wazi, unakaa na chumba chako. Ikishindikana, unamrudishia mwenye nyumba chumba chake, unahamia kwa mwanao, na sitaki kusikia mtu analia."

Alinitazama mimi aliposema hilo la kulia.

Basi nikawa mfanyabiashara wa kimataifa. Nilidhani kazi ni kuuza. Kumbe kwanza soko lenyewe likuamini kwamba wewe ni wewe. Lilitaka nipigwe picha ya uso, kisha picha ya kitambulisho, lilinganishe. Kitambulisho changu ni cha zamani, humo nina nywele na mashavu. Mashine ikasema sura hazifanani. Tukajaribu tena dirishani. Ikasema fungua macho. Nilikuwa nimeyafungua, jamani, ndiyo macho yenyewe hayo! Mara ya tano mpwa wangu akanipaka rangi nyeusi kidogo kichwani kwa brashi ya viatu, mashine ikanipokea kwa furaha. Kwa hiyo nilianza biashara ya uaminifu kwa udanganyifu wa kiwi.

Halafu picha za bidhaa. Katika kila picha kulikuwa na kidole gumba changu. Halafu maelezo. Nikaandika kama fundi anavyomwambia mteja: "Saa hii inachelewa dakika mbili kwa wiki, mguu mmoja si wake, lakini ina moyo mzuri." Mpwa wangu akasoma akashika kichwa.

"Mjomba, unauza au unaiombea msamaha?"

"Nasema kweli."

"Wenzako wanasema kweli kwa maneno manne. Angalia huyu: saa ya kale, nzima, adimu."

"Nzima? Ile mishale yake imepinda, naiona mpaka hapa."

Alifuta yangu, akabakiza moyo mzuri. Na nadhani ni huo uliouza, maana baada ya siku kumi na nane za ukimya, na mwezi ukiwa umebakiwa na wiki moja, akaja mnunuzi. Mwalimu mstaafu, mji wa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa moja kutoka forodhani. Aliandika kwamba mke wake haoni tena, na tangu saa yao ya zamani ife, mama anaamka asijue ni alfajiri au ni mchana. Anataka saa inayosikika inapotembea na yenye kengele ya kumwamsha.

Soko likatupa masharti yake. Mzigo utoke Jumatatu. Ufike Jumatano. Usipofika mpaka Ijumaa jioni, ununuzi unavunjwa, na kwa kuwa sisi ni wauzaji wapya, duka linafungwa. Tukitaka kumwandikia mnunuzi namba yetu ya simu, soko linaifuta na kuweka vinyota, lisije likakosa ushuru wake. Niliona hiyo ni roho ndogo, lakini nani aliniuliza?

Jumatatu mpwa wangu alikuwa kazini. Akaniachia boksi, gundi na karatasi ya anwani. "Funga tu, Mjomba, upeleke ofisi ya vifurushi kabla ya saa sita. Usiongeze kitu." Sikuongeza kitu. Nilifanya kile ambacho fundi yeyote aliyefundishwa vizuri anafanya: hakabidhi saa ikiwa imesimama. Mteja akifungua karatasi, aikute inatembea. Aliyenifundisha kazi alinichapa kwa rula kwa kosa hilo nilipokuwa na miaka kumi na sita, na mkono bado unakumbuka. Kwa hiyo niliijaza ufunguo mpaka mwisho, ufunguo wa kutembea na ufunguo wa kengele. Mshale wa kengele nilikuwa nimeuacha kwenye saa kumi na moja, baada ya kuujaribu. Nikaiviringisha ndani ya fulana yangu nzito, nikaisikiliza, nikaridhika kama mama aliyelaza mtoto.

Kwenye ofisi ya vifurushi walinipa fomu ya forodha. Panasema: eleza bidhaa. Kuandika "saa" tu niliona ni uvivu, karatasi ilikuwa na nafasi kubwa. Nikaandika: "Chombo cha chuma chenye springi mbili na nyundo. Kimejazwa vizuri, kiko tayari kulia." Karani hakusoma. Akagonga muhuri, gari likaondoka saa saba.

Jumanne simu ya mpwa wangu ikaonyesha: mzigo umefika mpakani. Jumatano: mzigo umefika mpakani. Alhamisi asubuhi: mzigo umezuiwa. Na mimi kwa siku hizo tatu nilikuwa nikipigiwa na namba nisiyoijua, naikata kwa ushujaa, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa amenionya kuhusu matapeli. Alhamisi jioni akaipokea yeye.

Alisikiliza. Akanitazama. Akasikiliza tena.

"Mjomba, ulifanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mzigo wako ulilia Jumatatu saa kumi na moja, ghala zima la forodha likakimbia. Wanasema uliendelea kugonga, wakaupeleka uani. Wanasema mwenyewe aje aufungue kwa mkono wake. Mjomba, ulifanya nini?"

"Nimetia ufunguo," nikasema.

Aliketi chini, kwenye sakafu, na nguo zake za kazini.

Wa kunipeleka mpakani alikuwa mmoja tu mwenye gari. Nilimpigia mwanangu nikijua ninampelekea ushindi mlangoni. Akasema, "Nakuja saa kumi na mbili asubuhi." Hakuuliza kitu, nadhani mpwa wangu alikuwa amekwisha kumsimulia nilichoandika kwenye fomu, na njia nzima hakusema kitu, ila mara moja tu, baada ya saa mbili za ukimya:

"Iko tayari kulia, Baba?"

"Ni namna ya kuandika."

"Haya."

Forodhani tulimkuta mkuu wa ghala, mama mmoja mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni. Alitupeleka uani. Pale katikati palikuwa na ndoo ya mchanga, ndani yake boksi langu, na kamba imezungushwa kwa vigingi vinne. Maafisa watatu walikuwa wamesimama mbali, nyuma ya lori.

"Wewe ndiye chombo cha chuma?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, mzee, wewe ni wa kunizaa!" Akarekebisha uso. "Kililia Jumatatu. Kikagonga mpaka Jumanne usiku. Kisha kikanyamaza. Sasa kunyamaza huko ndiko kunakotutisha zaidi."

"Imeishiwa ufunguo tu."

"Watu wote husema hivyo."

"Sijui, mama. Hii ndiyo ya kwanza kwangu."

Nikavuka kamba. Nataka kusema nilivuka kwa ujasiri, lakini mguu wangu ulinasa, nikaanguka karibu na ndoo, na maafisa wote watatu wakalala chini nyuma ya lori. Mwanangu peke yake alikuja kuninyanyua. Nikafungua gundi, nikaifunua ile fulana, ambayo kwapani ina tundu, mbele ya serikali ya nchi. Nikaitoa saa, nikaitia ufunguo nusu, ikaanza kutembea. Afisa mmoja akaja akainama akaisikiliza.

"Hii tu?" akasema. Alionekana amevunjika moyo.

Nilidhani yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza. Mkuu wa ghala akaeleza kwa upole kwamba mzigo uliofunguliwa hauendelei na namba yake ya zamani. Unaandikiwa karatasi mpya, unapewa namba mpya, na namba mpya zinatoka Jumatatu. Sokoni namba ile ya zamani itabaki ikisomeka "umezuiwa", na leo ni Ijumaa.

Mwanangu akaweka mkono begani kwangu. "Baba, umejaribu."

Hilo neno liliniuma kuliko kuanguka. Nikaona kiti karibu na mlango. Nikajiona namkaribisha mtu wa mita. Nikamwuliza mkuu wa ghala, na sauti yangu nayo ilikuwa imeishiwa ufunguo, kama mwenyewe akija kuichukua hapa kwa mkono wake itakuwaje.

"Mpokeaji? Akija na kitambulisho, nani wa kumzuia?" Akageuza boksi. Soko lilifuta namba zetu kwenye ujumbe, lakini kwenye karatasi ya anwani namba ya mwalimu ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa kabisa. Akaipiga yeye mwenyewe. Nikamsikia akisema, "Hapana, Mwalimu, si bomu. Tumehakikisha."

Walifika saa tisa, mzee mwembamba amemshika mkono mkewe. Mama yule akapewa saa. Hakuipapasa, aliiweka moja kwa moja sikioni.

"Inavuta mguu mmoja kidogo," akasema.

"Kweli, mama. Jino moja la gurudumu nililichonga mwenyewe kwa tupa."

"Iache hivyohivyo. Nitaijua kati ya saa zote."

Mumewe alikuwa akihangaika na simu. "Niguse wapi pa kusema nimepokea?" Hakuna aliyejua. Mimi ndiye muuzaji nami sijui. Mwanangu akaishika ile simu, akavaa miwani, akatafuta taratibu kama mtu anayetafuta nati iliyoanguka, akampa mwalimu: "Gusa hapo, mzee." Mwalimu akagusa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Tulipokuwa njiani mpwa wangu akapiga, anapiga kelele mpaka simu inakwaruza. Imesomeka imepokelewa! Duka liko wazi! Na mwalimu ameandika maoni: "Saa nzuri. Ilichelewa siku mbili. Nyota tatu kati ya tano."

"Tatu tu!" nikasema. "Baada ya ndoo ya mchanga?"

"Mwalimu ni mwalimu, Mjomba. Angekupa mbili ungefanyaje?"

Mwanangu alikuwa ametazama mbele tu. Nilitaka nimkumbushe alichosema dada, kisha nikahofia kwamba akianza kuhesabu vizuri ataingiza na aibu ya ghala zima lililokimbia. Nikanyamaza, jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kuonekana. Mbele kuna njia panda. Kushoto unakwenda kwake, kulia unakwenda mjini kwenye chumba changu. Nikaangalia mkono wake kwenye ile fimbo ya taa. Akaipandisha, taa ya kulia ikaanza kumeta.

"Jumatatu nikimaliza mzunguko wa maji nitapita," akasema. "Saa zinazotoka utazifunga nikiona."

Nikasema sawa. Aliposimamisha gari mbele ya duka la fotokopi nilishuka haraka, bila kuaga, nisije nikaongea akabadili mawazo.