Mjibizani Wangu wa Muhoroni

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa ghala la sukari Kisumu, mgeni kutoka Kakamega, nisiyejua Kijaluo cha kutosha hata kucheka pamoja na wenzangu. Jioni nilijifungia chumbani nikatunga mashairi ya kupeleka gazetini. Nilipima mizani kwa kugonga meza: mapigo manane, pumzi, mapigo manane.

*Nauliza wa ziwani, mpo nyote mwanisoma?*

Ile "m" ya "mpo" haina irabu, lakini ni silabi kamili na ina pigo lake. Niliipenda kwa sababu hiyo.

Jirani yangu, mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani kutoka Usenge, alinisikia kupitia ukuta. "Bwana, hii meza ilikukosea nini?" aliniuliza. "Kila jioni unapiga yeye tu." Nikamweleza. Akaniambia nitoe kiti nje nimsomee. Nikamjibu kwamba mashairi yangu yanataka watu wanaojua vina. Kilikuwa kiburi cha kijinga, na hakuniuliza tena.

Kwenye ukurasa ule wa gazeti watunzi walijibizana. Shairi lisilojibiwa lilikuwa salamu isiyoitikiwa, na yangu yalikuwa yamechapishwa saba bila mtu kuitika. Niliumia. Basi nikajijibu mwenyewe. Nikabuni mwanamke wa Muhoroni, nikampa jina, nikabadili mwandiko, nikamwomba dereva wa lori la sukari atie bahasha posta ya kule. Katika shairi lake alinichapa kisawasawa: alisema mizani yangu imetimia lakini moyo haumo.

Wiki chache baadaye majibu yakamiminika, kutoka Bondo, Mumias, hata Nakuru. Yote yalimjibu yeye. Walimsifu, wakamwita dada, mmoja akauliza kama ameolewa. Mimi nilitajwa pembeni tu, yule mkaidi wa Kisumu. Niliandika pande zote mbili karibu mwaka mzima, na kusema kweli, upande wake nilikuwa mtu mwema zaidi. Alinitania, akanikosoa, akanipa pole nilipougua malaria. Jumamosi nilinunua gazeti nikiwa na hamu ya kumsoma, kana kwamba sikumwandika mimi. Lakini sifa zake zilizidi kunichoma. Nikamwonea wivu, nikaacha kumwandika.

Ukurasa ukaomboleza. *Mtunzi wa Muhoroni, sauti imepotea.* Kisha likatoka shairi la beti tano lililoelekezwa kwangu, la kwanza kutoka kwa binadamu mwingine tangu nianze kutunga.

*Bwana uliye Kisumu, maneno yako ni sumu.*

Mtunzi alidai nimemvunja moyo dada wa watu mpaka akatupa kalamu. Nililigonga mezani mstari kwa mstari, nikitafuta pigo lililopungua nipate cha kumshika. Mizani ilitimia yote. Nikachukua karatasi nimjibu, nikaikunja ikiwa tupu, kwa kuwa kweli nilikuwa nimemuua rafiki pekee niliyekuwa naye katika mji ule.